Ndege Ilale Dodoma

Barua ya wazi kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, Mamlaka ya Viwanja vya Ndege Tanzania, na mashirika yote yanayorusha ndege kati ya Dodoma na Dar es Salaam

Kutoka Dodoma hadi Dar es Salaam ni takriban kilomita 390 angani na kilomita 450 hivi kwa barabara. Ndege ya pangaboi ya aina ya Dash 8-400, yenye viti 76, huzimaliza kwa muda wa saa moja hivi. Basi huondoka alfajiri likafika mchana umeshapinda. Kwa miaka mingi tofauti hiyo ilitosha kuijaza ndege, na hakuna aliyelazimika kuuliza ratiba imepangwa kwa ajili ya nani. Tangu tarehe 25 Julai 2024, treni ya umeme ya SGR ilipoanza kupakia abiria hadi Dodoma, swali hilo halikwepeki tena. Treni inafika kwa chini ya saa nne, na nauli ya daraja la kawaida ilipangwa kuwa shilingi 31,000, sehemu ndogo tu ya bei ya tiketi ya ndege. Ndege bado ina kazi yake katika njia hii, lakini kazi hiyo haifanyiki vizuri mpaka litengenezwe jambo moja lililo chini ya uwezo wa wapangaji wenyewe: mahali ndege inapolala usiku.

Dodoma si mgeni wa ndege. Reli ya Kati iliufikia mji mwaka 1910, na miaka 22 baadaye, mwaka 1932, shirika la Imperial Airways lilipofungua njia ya barua na abiria kutoka London hadi Cape Town, Dodoma ilikuwa kituo kati ya Moshi na Mbeya. Uwanda ulifaa kwa kazi hiyo: ardhi tambarare, miti michache, mawingu machache kwa miezi saba au minane ya mwaka, na reli ya kuleta mafuta. Mwaka 1937 njia hiyo ilihamia pwani, kwa sababu zilikuja ndege zinazotua majini na zilihitaji bandari. Dodoma ikaachwa nchi kavu. Kuanzia hapo mji uliokuwa njiani ukageuka kuwa mwisho wa njia, na ratiba za ndege zimeendelea kuutazama hivyo hata baada ya kila kitu kingine kubadilika.

Na mengi yamebadilika. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulipitishwa mwaka 1973, na Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu ikaundwa mwaka huohuo. Utekelezaji ulisuasua kwa zaidi ya miaka 40, hadi Julai 2016 Rais John Magufuli alipotangaza kwamba Serikali yote inahamia. Dodoma ikatangazwa kuwa jiji tarehe 26 Aprili 2018, na mwaka huohuo Bunge likapitisha sheria inayoitambua kuwa makao makuu ya nchi. Wizara zimejenga Mtumba, kwenye Mji wa Serikali. Watumishi wamehamisha familia, watoto wamepata shule, watu wamechimba visima na kupanda miti. Ndege ya kwanza ya Air Tanzania ya aina ya Airbus A220-300, iliyopokewa Desemba 2018, ilipewa hata jina la Dodoma. Makazi ya ndege zenyewe ndiyo hayakuhama.

Mashirika makubwa ya nchi yana kituo chao kikuu Dar es Salaam. Huko ndiko kuna karakana, mafundi, vipuri na nyumba za marubani, kwa hiyo ndege hurudi huko kulala, kama mashua inavyorudi bandarini. Matokeo yake kwa Dodoma ni hesabu nyepesi. Ndege ikiondoka Dar es Salaam saa 12:00 asubuhi, inagusa Dodoma saa 1 na dakika chache. Kushusha abiria, kusafisha, kupakia mizigo na kupandisha wengine huchukua dakika 35 hadi 40. Inaondoka karibu saa 1:45 na kutua Dar es Salaam karibu saa 2:50. Mtu wa Dar es Salaam aliyepanda ndege hiyohiyo anakuwa ofisini Dodoma saa 2:00, mwanzoni mwa siku ya kazi. Mtu wa Dodoma bado yuko angani, na kazi imeanza bila yeye. Jioni mambo hugeuka kwa namna ileile: ndege ya mwisho lazima iondoke Dodoma kwenda kulala pwani, hivyo mgeni wa makao makuu anarudi nyumbani, na mwenyeji wa makao makuu aliyekuwa na shughuli Dar es Salaam analala hotelini au kwa ndugu.

Ndege ikilala Dodoma, hesabu inageuka bila kuongeza hata safari moja. Inaruka saa 12:00 asubuhi, saa 1 na dakika chache iko Dar es Salaam, na kuanzia hapo inafanya kazi zake za kutwa kama kawaida: Mwanza, Mbeya, Zanzibar, popote ilipopangiwa. Usiku, safari yake ya mwisho inatoka Dar es Salaam kwenda Dodoma, imebeba waliomaliza shughuli zao mchana na walioshuka kutoka ndege za jioni. Kilichobadilika ni mahali mzunguko unapoanzia. Dunia nzima mashirika hufanya hivi kwa miji ambayo abiria wake wanahitaji kuwahi asubuhi.

Abiria anayepoteza zaidi kwa mpangilio wa sasa ni yule asiyeishia Dar es Salaam. Daktari wa Hospitali ya Benjamin Mkapa anayekwenda kwenye mafunzo nje ya nchi, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Dodoma anayeelekea Mwanza, mfanyabiashara wa Kondoa anayetaka kuwahi Zanzibar na kurudi: wote hawa hawaendi Dar es Salaam, wanapita tu. Kwao treni haitoshi, kwa sababu stesheni na uwanja wa ndege ni sehemu mbili tofauti, na kati yake kuna foleni. Ndege ndiyo ingewafaa, ila inawafikisha baada ya safari nyingi za asubuhi kuondoka. Katika Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere kuna kazi nyingine tena: ndege za ndani hutumia Jengo la Pili, na za kimataifa hutumia Jengo la Tatu lililofunguliwa mwaka 2019. Msafiri anatoka, anabeba mizigo, anatafuta usafiri wa kutoka jengo moja hadi jingine, anapanga foleni upya ya ukaguzi. Dakika 105 anazopoteza Dodoma asubuhi kwa kusubiri ndege itoke pwani ndizo ambazo zingemtosha kufanya hayo yote bila kukimbia.

Asubuhi ina faida nyingine, na hii inatoka kwenye hewa yenyewe. Dodoma iko mita 1,120 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya pwani hata siku ikiwa baridi, na joto huzidi kuipunguza uzito. Mbawa hupata nguvu ya kunyanyua kutokana na uzito wa hewa inayopita juu na chini yake, na injini huvuta hewa hiyohiyo kuchoma mafuta. Hewa ikiwa nyepesi, vyote viwili hupungukiwa kwa pamoja. Wataalamu wa anga wana kipimo chao: kwa kila nyuzi moja ya joto inayozidi kiwango sanifu cha mwinuko husika, ndege huhisi kama uwanja umepanda mita 36 hivi. Kiwango sanifu cha mwinuko wa Dodoma ni nyuzi 8 hivi. Alfajiri ya Novemba yenye nyuzi 19, uwanja unakuwa kana kwamba uko mita 1,500 na ushee. Saa tisa alasiri, siku hiyohiyo, kipimajoto kikisoma 31, umepanda hadi karibu mita 2,000. Uwanja ni uleule na lami ni ileile, lakini mlima umeongezeka kati ya chai ya asubuhi na chakula cha mchana.

Anayetaka kuona jambo hilo kwa macho asimame pembeni mwa maegesho ya ndege mwishoni mwa kiangazi, baada ya adhuhuri. Lami inameta kama maji. Hewa juu yake inacheza, na mkia wa ndege iliyoegeshwa unaonekana kupinda na kunyooka. Upande wa pili wa uzio kisulisuli kinanyanyua vumbi jekundu pamoja na mifuko na majani makavu, kinakizunguka kichaka cha mkwaju mara mbili na kutawanyika. Ndege inapoanza kukimbia, inakwenda, inakwenda, na magurudumu hayaachani na ardhi mpaka imepita pale ambapo ile ya asubuhi ilikuwa tayari iko juu ya paa za nyumba. Rubani hakukosea kitu. Amelipa deni la joto kwa mita za lami.

Deni hilo ndilo lililochangia kuufanya uwanja wa sasa urefushwe mwaka 2016, kutoka mita 2,000 hadi mita 2,500, na ndilo mojawapo ya sababu za barabara ya kurukia ya uwanja mpya wa Msalato kupangwa iwe na mita 3,600. Ni haki kusema pia kwamba kwa safari fupi ya Dar es Salaam deni si kubwa, kwa sababu ndege haihitaji mafuta mengi. Linauma zaidi pale ndege inapotakiwa kwenda mbali, au kubeba mizigo pamoja na abiria. Na mizigo ipo. Zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, na zabibu mbichi haivumilii jua. Boksi lililopakiwa kabla jua halijachomoza, likiwa bado lina ubaridi wa usiku, ni bidhaa tofauti na boksi lililoshinda uwanjani hadi mchana.

Mvua nayo inaunga mkono asubuhi. Dodoma hupata wastani wa milimita 570 hivi kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili, na nyingi hushuka alasiri na jioni, baada ya ardhi kuchemka na mawingu ya radi kujijenga. Ndani ya mawingu hayo rubani haingii. Anayazunguka au anasubiri. Tena uwanda uko peke yake. Ndege inayokwenda Dar es Salaam ina Zanzibar karibu, dakika chache tu, kama uwanja wa akiba. Inayokwenda Dodoma, ikikuta dhoruba, uwanja mkubwa wa kukimbilia ni Kilimanjaro, zaidi ya kilomita 330, au kurudi ilikotoka. Mafuta ya safari hiyo ya pili lazima yawemo kwenye tangi tangu mwanzo, na juu yake akiba ya dakika 30. Ratiba inayorundika safari alasiri ya Februari inaagiza ucheleweshaji kwa mikono yake, na inamweka rubani katika shinikizo asilostahili. Baada ya Bukoba, tarehe 6 Novemba 2022, ambapo watu 19 kati ya 43 walipoteza maisha ndege ikijaribu kutua katika hali mbaya ya hewa, hakuna mpangaji anayepaswa kuona aibu kwa ndege iliyogeuza au iliyosubiri. Lakini kupanga ndege iruke wakati anga limetulia ni bora kuliko kusifu subira.

Kuhusu treni, wapo wanaosema imekuja kuua safari za ndege za Dodoma. Yaliyotokea kwingine yanaonyesha picha yenye pande zaidi. Kati ya Madrid na Barcelona, kilomita 620 hivi kwa reli, kulikuwa na mojawapo ya njia za ndege zenye safari nyingi zaidi Ulaya. Treni ya kasi ilipofunguliwa Februari 2008, ikitumia saa mbili na nusu, abiria wa katikati ya mji hadi katikati ya mji walihamia relini kwa wingi. Ndege zilipungua sana lakini hazikwisha, na waliobaki ndani yake wengi ni wale wanaounganisha safari. Nairobi na Mombasa ni mfano wa karibu zaidi: treni ilianza mwishoni mwa Mei 2017, inatumia saa tano hivi, na ndege zimeendelea kuruka kila siku, kwa sababu mchana mmoja unatosha kwenda na kurudi. Dodoma iko kati ya mifano hiyo miwili. Msafiri wa Dar es Salaam akijumlisha muda wa kufika uwanjani kupitia Barabara ya Nyerere, kuripoti mapema, kuruka na kutoka, anapata saa tatu na nusu au nne. Treni, ukiweka na dakika za kuwahi stesheni, haiko mbali na hapo. Kushindania abiria huyo kwa bei ni kupigana vita ambavyo treni imeshashinda. Abiria wa ndege ni yule anayeunganisha na yule anayetaka kurudi siku hiyohiyo, na wote wawili wanahitaji ndege iliyoamka Dodoma.

Gharama zake zisifichwe. Ndege inayolala nje ya karakana inahitaji fundi mwenye leseni wa kuikagua alfajiri, ulinzi wa usiku kucha, sehemu ya maegesho isiyozuia ndege nyingine, na hoteli ya wahudumu karibu kiasi kwamba mapumziko yao ya kisheria hayaliwi na safari ya gari. Mnara wa kuongozea ndege na zimamoto lazima viwe kazini kabla ya saa 12 asubuhi na vibaki hadi ndege ya mwisho izime injini. Hatari iliyo kubwa kuliko zote ni ya kiufundi: ndege ikigoma asubuhi pwani, kuna nyingine ya kushika nafasi, ikigoma Dodoma, abiria wote wanasubiri hadi fundi au ndege itoke Dar es Salaam. Shirika lenye ndege chache lina haki ya kuliogopa hilo, hasa baada ya injini za A220 kuzisumbua kampuni nyingi duniani na kuzilaza chini baadhi ya ndege za Tanzania kuanzia mwaka 2022. Kwa sababu hiyo ni busara kuanza na ndege za pangaboi, ambazo mafundi wa nchi wamezizoea kwa miaka mingi, na kuanza na msimu mmoja badala ya mwaka mzima. Mamlaka ya Viwanja vya Ndege nayo ina la kufanya: kupunguza au kusamehe ada ya maegesho ya usiku Dodoma kwa kipindi cha majaribio ni sadaka ndogo, kwa kuwa sehemu hiyo usiku ingekuwa tupu.

Kuna kazi ndogo ambayo haigharimu chochote na imeachwa muda mrefu mno. Tiketi huandika saa kwa mtindo wa kimataifa, na wasafiri wengi huishi kwa saa za Kiswahili. Tiketi iliyoandikwa 06:00 ni ya saa 12 alfajiri. Iliyoandikwa 12:10 ni ya saa 6 mchana na dakika 10. Mzee aliyenunuliwa tiketi na mwanawe kwa simu, akasoma tarakimu kama zilivyo, atafika uwanjani saa sita kabla au saa sita baada. Ujumbe mmoja wa simu unaosema “kesho saa 12 asubuhi, ripoti saa 11 alfajiri” unamaliza tatizo. Ndege ya alfajiri ikianzishwa bila ujumbe huo, wa kwanza kuachwa watakuwa wale wanaosafiri kwa ndege kwa mara ya kwanza.

Uwanja wa Msalato unaliweka jambo lote mahali pagumu zaidi na penye nafasi zaidi. Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha mkopo wake Desemba 2019, na Rais Samia Suluhu Hassan aliweka jiwe la msingi tarehe 30 Oktoba 2022. Uko kilomita 12 hivi kaskazini mwa jiji, kando ya barabara ya kwenda Arusha. Uwanja wa zamani una sifa moja ambayo ni nadra duniani: uko katikati ya mji, na mtu wa Area D au Makole anaweza kufika kwa bodaboda kwa dakika chache. Shughuli zikihamia Msalato sifa hiyo inapotea, na dakika zake zinaongezwa kwenye kila safari ya ndege wakati treni haipotezi hata moja. Barabara ya mzunguko wa nje yenye kilomita 112.3, inayopita Nala, Veyula, Mtumba na Matumbulu, itawasaidia watumishi wa Mji wa Serikali kufika upande wa Msalato bila kuingia katikati ya jiji. Haitamsaidia asiye na gari. Daladala ya Msalato inayoanza saa 10:30 alfajiri, ikipangwa kwa kufuata ndege ya kwanza na ya mwisho, ni sehemu ya uwanja kama mnara ulivyo sehemu ya uwanja. Na maegesho ya kulala, chumba cha mafundi na stoo ya vipuri vya kila siku viingizwe kwenye matumizi ya Msalato tangu siku ya kwanza, kabla sehemu hizo hazijapangiwa shughuli nyingine.

Muda wa kuanza unajulikana. Mashirika ya ndege duniani hubadilisha ratiba mara mbili kwa mwaka, Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Mkutano wa Bunge la Bajeti huanza Aprili na kwenda hadi mwisho wa Juni, na ndio msimu ambao Dodoma hujaa kuliko wakati wowote: wabunge, makatibu wakuu, wakurugenzi wa halmashauri, waandishi wa habari, wadau wanaoitwa mbele ya kamati. Siku chache tu hutenganisha mabadiliko ya ratiba ya Machi na kikao cha kwanza cha Aprili. Miezi hiyo mitatu ina abiria wa uhakika wa asubuhi na wa usiku, mvua inakaribia kwisha, na kufikia Juni alfajiri za uwanda zimekuwa baridi. Ombi linalowasilishwa kwa Mamlaka na mashirika ni kwamba ratiba inayofuata ya Machi iwe na ndege moja inayolala Dodoma, kuanzia Jumapili usiku hadi Ijumaa alfajiri, hadi tarehe 30 Juni, na kwamba idadi ya abiria wake, waliounganisha safari na waliochelewa, itangazwe hadharani kabla ratiba ya Oktoba haijafungwa.